Mzunguko wa Maisha ya Programu, na Kisii ya Mwaka Gani?

Shuleni tulifundishwa mzunguko wa maisha ya mbu: yai, kiluwiluwi, pupa, mbu. Wahandisi wa kompyuta nao husema programu ina mzunguko wa maisha: kubaini mahitaji, kusanifu, kuandika msimbo, kujaribu, kutumia, kutunza, mwishowe kustaafisha. Ila mbu mzima harudi kuwa kiluwiluwi. Programu hurudi, na ya utafiti hurudi zaidi, kwa kuwa mtafiti huanza kuiandika kabla hajajua swali litamfikisha wapi.

Tazama malaria ya milima ya Gusii. Mwaka 2001 watafiti Andrew Githeko na Ndegwa walichapisha modeli ya kutabiri milipuko katika nyanda za juu za Kenya kwa kutumia joto na mvua. Mwaka 2002 mlipuko ukaikumba Kisii na jirani yake Gucha. Mwaka 2014 Githeko na wenzake wakaja na modeli zinazozingatia pia umbo la bonde: bonde pana hutuamisha maji, mbu wakazaliana, bonde jembamba huyapitisha haraka. Huko ndiko kurudi kwenye mahitaji.

Hatua inayopuuzwa ni utunzaji. Wengi huiita matengenezo, neno ambalo mimi silipendi hapa, kwani hutengenezwa kilichoharibika. Chukua jedwali la wagonjwa lenye safu iitwayo “Kisii”. Katika sensa ya 1979, Kisii ilikuwa wilaya moja, Nyamira ikiwa ndani yake. Sensa ya 1999 ina wilaya tatu: Kisii ya Kati, Gucha na Nyamira. Tangu 2013 kuna kaunti mbili, Kisii na Nyamira, na Gucha imo tena ndani ya Kisii. Programu isiyoyajua hayo itachora mstari unaoshuka, nasi tutashangilia kupungua kwa malaria, kumbe kilichopungua ni eneo. Msimbo hauna kosa hata moja.

Kwa hiyo kusimamia mzunguko ni kazi ya karani kuliko ya fundi: kila toleo lina namba na tarehe, jedwali la mipaka linakaa pamoja na msimbo, na ripoti inataja toleo lililotumika. Haya yote hayabaki kwenye kompyuta ya mwanafunzi wa uzamili, ambaye akishahitimu huondoka nayo.

Na kustaafisha si kufuta. Atakayetaka kurudia hesabu za 2001 atahitaji toleo la wakati huo, pamoja na Kisii ya wakati huo.