Hanji: Karatasi Inayofundishwa kwa Mikono

Mwaka 1966, ndani ya mnara wa mawe wa Seokgatap katika hekalu la Bulguksa mjini Gyeongju, Korea Kusini, yalipatikana maandiko ya Kibudha yaliyochapwa kwa vibao vya mbao. Mnara huo ulijengwa katika karne ya nane. Karatasi ilikuwa imechakaa, lakini maneno yalisomeka. Ilitokana na gome la dak, mti wa ukoo wa mforsadi, ambao hadi leo ndio unaotoa hanji, karatasi ya asili ya Korea.

Kazi huanza majira ya baridi. Matawi hukatwa, hufukizwa kwa mvuke na kuchunwa gome, kisha ganda la nje huparuliwa mpaka ubaki utepe mweupe. Utepe huo huchemshwa katika maji ya majivu, mara nyingi majivu ya mabua, ukasuuzwa, ukaanikwa juani na kupondwa kwa rungu hadi nyuzinyuzi ziachane. Mwanagenzi hutumia muda mrefu katika hatua hizi kabla ya kukaribia hodhi ya kutengenezea karatasi. Si adhabu: uchafu ulioachwa kwenye gome utaonekana kwenye karatasi, na hakuna dawa ya kuuondoa baadaye.

Kwenye hodhi ndipo penye ufundi wenyewe. Maji ya nyuzinyuzi hutiwa ute wa mizizi ya mmea ulio ndugu wa bamia, unaoteleza kama mlenda, ili nyuzi zielee bila kushikana mafundo. Fundi hushika fremu yenye mkeka mwembamba wa mianzi, iliyoning'inizwa kwa kamba moja tu. Huchota maji kwa mbele na kuyamwaga kwa nyuma, kisha huyumbisha fremu kushoto na kulia, na nyuzi zikapishana pande zote. Kwa kuwa upande mmoja wa karatasi hutoka mnene kuliko mwingine, karatasi ya pili hulazwa juu ya ya kwanza kichwa kwa miguu, zikawa moja. Maelezo haya yanasomeka kwa dakika moja. Kiwiko na kiuno huyaelewa kwa miaka.

Dola iliitambua thamani ya hanji mapema. Mwaka 1415 Mfalme Taejong wa nasaba ya Joseon alianzisha ofisi ya karatasi mjini Seoul. Karne zilizofuata mzigo ukawaelemea watawa wa Kibudha, waliolazimishwa kutoa karatasi kwa serikali. Baadhi ya mahekalu yalibaki matupu kwa sababu wenyewe walikimbia. Huu ni upande wa hanji unaostahili kukumbukwa kila inaposifiwa.

Nyumbani, karatasi hiyo ilizibia madirisha, ikapakwa mafuta na kutandikwa sakafuni, ikashonwa hata kuwa deraya za askari. Wakati wa utawala wa Japani, 1910 hadi 1945, mbinu ya Kijapani ya kuteka karatasi ilienea na fremu ya kamba moja ikarudi nyuma. Baadaye vioo na karatasi za kiwandani vikamaliza soko. Mwaka 2005 serikali iliuorodhesha ufundi huu kuwa urithi wa taifa.

Waliokuja kujifunza si Wakorea wa Korea peke yao. Aimee Lee, msanii wa Marekani mwenye asili ya Korea, aliusomea kwa mafundi nchini humo, akajenga hodhi ya hanji mjini Cleveland mwaka 2010, kisha mwaka 2012 akatoa kitabu kuhusu safari hiyo.

Afrika Mashariki nayo ina sehemu yake. Mforsadi wa karatasi, ndugu wa karibu wa dak, uliletwa Uganda na sasa umesambaa katika msitu wa Budongo kama mti vamizi. Nchi hiyohiyo ina Waganda wanaotwanga gome la mutuba, mti ulio wa ukoo huohuo wa mforsadi, kuwa nguo. Vyuo vya sanaa vya Uganda vimwalike fundi wa hanji: malighafi ipo msituni, na watu wanaolijua gome kwa mikono yao wapo.