Chai, Moshi na Tanuri la Davidson

Jani la chai linapochumwa, takriban robo tatu ya uzito wake ni maji. Ili lihifadhike, unyevu huo hushushwa hadi asilimia 3 hivi. Katika karne ya 19, mashamba ya Assam, India, yalifuata njia ya Wachina: majani yalitandazwa juu ya mashimo ya mkaa, na vibarua wakayageuza kwa mikono. Kuni hazikufaa, kwa kuwa chai hunasa harufu ya moshi upesi mno.

Samuel Cleland Davidson, kijana wa Belfast, alifika India mwaka 1864. Katika miaka ya 1870 alibuni tanuri ambalo moto wake uliwaka ndani ya kasha la chuma. Hewa safi ilipita nje ya kasha hilo, ikapata joto, kisha ikapanda kupenya trei za majani. Moshi ulitoka peke yake kwenye dohani. Mwaka 1881 alianzisha kiwanda Belfast, akaziita mashine zake Sirocco.

Kwa nini zilienea haraka? Wengine hutaja uhaba wa vibarua, nao ulikuwa wa kweli: watu waliletwa kutoka mbali, na wengi walikufa kwa maradhi na mateso ambayo haifai kuyapita kimya. Wengine hutaja ushindani na chai ya China. Sababu zote mbili zina uzito, lakini naona ya tatu inazipita: moshi ulipotengwa na jani, mwenye kiwanda aliweza kuchoma kuni au makaa ya mawe, chochote kilichopatikana karibu.

Hata hivyo, hewa inayopanda yenyewe ni dhaifu. Davidson alishughulikia tatizo hilo kwa feni aliyoikamilisha mwaka 1898, iliyosukuma hewa nyingi kwa nguvu. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1930, William McKercher akabuni huko Assam mashine ya CTC, inayokatakata jani likawa chembechembe. Chembe hizo ndizo zilizowezesha hatua iliyofuata miongo kadhaa baadaye: kukausha chai ikielea juu ya mkondo wa hewa moto.

Viwanda vingi vya Kenya hukausha hivyo leo. Kuni za mikaratusi huchemsha maji ya boila, mvuke hupasha hewa joto kupitia mabomba, na feni huisukuma hadi kwenye chai. Moshi haugusi jani, ila kuni bado zinahitajika kwa wingi, na ndiyo maana viwanda hupanda misitu yao wenyewe.