Morjana Aliyefichwa: Alibaba katika Sinema za Sikukuu

Zamani, mtoto wa Mji wa Kale, Mombasa, aliyepewa mkono wa Idd aliweza kuutumia kwenye bembea za Makadara au kukata tikiti ya sinema, Regal, Naaz au Majestic. Miongoni mwa mashujaa wa skrini walioielekea hadhira hiyo ni Alibaba.

Ila Alibaba si shujaa wa kisa chake. Katika usimulizi ambao Antoine Galland aliupokea mwaka 1709 kwa Hanna Diyab wa Halab (kisa chenyewe hakimo katika nuskha za kale za Kiarabu), mjakazi Morjana ndiye anayeing'amua alama ya chaki mlangoni, na ndiye anayewaua wezi 37 kwa mafuta ya moto, bwana wake akiwa usingizini.

Filamu zimempokonya ushindi huo. Ile ya Arthur Lubin (1944), iliyotengenezwa Marekani wakati wa vita, inawageuza wezi kuwa wazalendo wanaopambana na Wamongoli. Morjana hayumo kabisa. Jacques Becker (1954) anamrejesha, lakini kama mcheza ngoma anayenunuliwa sokoni, Samia Gamal, na macho ya hadhira yanaelekezwa kwa Fernandel na vichekesho vyake. Katika filamu ya India na Usovieti ya 1980, Hema Malini anapewa jina la Marjina. Upanga ni wa Dharmendra.

Katika mji ambamo utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907 tu, mjakazi anayemzidi bwana wake akili si pambo la hekaya. Bibi asimuliaye nyumbani, asiye na farasi wala mapanga ya kuonyesha, hana sababu ya kumwondoa Morjana jikoni, penye mafuta. Skrini ilimtaka acheze.