Mgeni wa Harar

Msomaji, huku kwetu Diff nyumba ya mgeni yaweza kukunjwa, mikeka na fito zake zikapakiwa juu ya ngamia. Sasa panda nami milima ya Uhabeshi mpaka Harar, mji wa kale wenye ukuta, karibu mita 1,900 juu ya bahari. Ukipata malazi katika nyumba ya jadi, vua viatu mlangoni. Mbele yako zimepanda baraza zilizopakwa udongo mwekundu, na kila moja ina wenyewe kwa kadiri ya umri na heshima, usijikalie tu! Wekundu huo, wasema wenyeji, ni ukumbusho wa damu iliyomwagika Chelenqo mwaka 1887, Menelik alipoushinda mji.

Zamani mgeni alilala humo kwa hofu. Tarehe 3 Januari 1855 aliingia Mwingereza Richard Burton, ingawa Wakristo walikatazwa. Amiri Ahmad alimpa nyumba na chakula cha jikoni mwake, ila ruhusa ya kuondoka hakumpa mara moja. Siku kumi Burton alikirimiwa, asijue kama ni mgeni au mfungwa. Tarehe 13, alfajiri, alipanda nyumbu akatoka langoni.