Kiwango Kisichobadilika: Ushuru wa Asilimia Tano na Ukodishaji wa Forodha Zanzibar, 1833–1899

Mkataba uliotiwa saini Muscat tarehe 21 Septemba 1833 kati ya Sayyid Said bin Sultan na Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, uliweka kwamba mfanyabiashara wa Kimarekani angelipa asilimia tano ya shehena aliyoishusha katika bandari za Sultani, wala asidaiwe ada nyingine, iwe ya nanga, ya rubani au ya leseni. Uingereza ilipata masharti ya aina hiyo mwaka 1839, Ufaransa mwaka 1844 na miji ya Hanse mwaka 1859. Kwa hiyo, kwa zaidi ya nusu karne, kiwango cha ushuru wa bidhaa zilizoingia Zanzibar kilikuwa kimefungwa kwa mikataba ambayo Sultani hakuweza kuitengua peke yake.

Upande wa pili haukufungwa hivyo. Merikebu za Sultani zilizofika Marekani ziliahidiwa tu kwamba hazitatozwa zaidi ya zile za taifa linalopendelewa kuliko mengine. Kiwango chenyewe kilibaki mikononi mwa Bunge la Marekani, nalo lilikibadilisha kila lilipoona haja: lilianza kukishusha hatua kwa hatua kwa sheria ya mwaka 1833 wenyewe, likakipandisha mwaka 1842, kisha likakishusha tena mwaka 1846. Ahmad bin Naaman alipofika New York na merikebu *Sultana* mwaka 1840, aliingia katika bandari ambayo ushuru wake ulitungwa kwa maslahi ya wenyeji wake. Merikebu za Salem zilizotia nanga Unguja hazikukuta hali ya namna hiyo.

Sheriff (1987) ameonyesha jinsi mikataba hii ilivyoliingiza dola la Zanzibar katika mfumo wa kibepari wa kimataifa likiwa mshirika dhaifu. Hoja hiyo haina budi kukubaliwa. Linalostahili kuongezwa ni suala la utendaji. Dola lisiloweza kubadilisha kiwango cha ushuru wa kuingiza bidhaa hutafuta mapato kwingine, na mzigo huo humwangukia asiye na balozi wa kumtetea.

Jibu la kwanza lilikuwa ukodishaji. Forodha ilikodishwa kwa muda maalumu kwa mfanyabiashara aliyeahidi kumlipa Sultani kiasi kilichokubaliwa kwa riale kila mwaka. Kilichozidi kilikuwa chake. Kwa sehemu kubwa ya kipindi hiki mkodi huyo alikuwa nyumba ya Jairam Shivji, Mabaniani wenye asili ya Kachchh. Jairam aliporejea India mwaka 1853, shughuli zilisimamiwa na Ladha Damji, na mwaka 1876 forodha ikapita kwa Taria Topan, Khoja Ismailia. Sultani alipata fedha zisizotegemea msimu, pamoja na mkopeshaji wa karibu. Udhaifu wa mpango huo ulidhihirika mwaka 1870, Sayyid Barghash alipotawazwa na kukuta nyumba ya Jairam ikidai deni kubwa lililoachwa na mtangulizi wake, Sayyid Majid. Aliyepaswa kutoa kodi ya forodha alikuwa pia ndiye anayemdai mwenye forodha.

Ukodishaji ulikuwa na athari nyingine ambayo maandishi ya mikataba hayaionyeshi. Mkodi wa forodha alijua shehena ya kila merikebu, naye mwenyewe alikuwa mnunuzi, dalali na mkopeshaji wa wanunuzi wengine. Richard Waters wa Salem, balozi wa kwanza wa Marekani Zanzibar kuanzia mwaka 1837, alilielewa hilo mapema na kufanya biashara zake kwa ushirikiano na Jairam, jambo lililowaudhi washindani wake Waingereza. Asilimia tano ilikuwa moja kwa wote, lakini nafasi ya kuuza majora ya merikani na kununua pembe haikuwa moja.

Jibu la pili lilikuwa Mrima. Mkataba wa Uingereza wa mwaka 1839 uliruhusu ukiritimba wa pembe za ndovu na sandarusi katika pwani ya bara kati ya Tangata na Kilwa. Hapo ndipo Sultani alipobakiwa na uhuru wa kupanga. Pembe zilitozwa kwa frasila na kulingana na nchi zilikotoka, na zile za bara zilizopitia Mrima zilibeba mzigo mzito. Kwa maneno mengine, ushuru ambao haukuweza kupandishwa kwenye gati la Unguja ulipandishwa Bagamoyo, na aliyeuhisi ni mwenye msafara kutoka Unyamwezi.

Uzito wa forodha za bara ulieleweka vizuri na Wajerumani. Mkataba wa Aprili 1888 kati ya Sayyid Khalifa na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ulihusu utawala wa pwani pamoja na ukusanyaji wa ushuru wake. Kampuni ilipoanza kuutekeleza mwezi Agosti, upinzani ulizuka Pangani chini ya Abushiri bin Salim na kuenea pwani. Haitoshi kuyaeleza matukio hayo kwa bendera pekee. Wenyeji wa miji ile walikuwa wakipoteza pia nafasi zao katika mapato ya misafara.

Baada ya pwani kutengwa, Zanzibar ilibaki na visiwa na karafuu. Tarehe 1 Februari 1892, chini ya usimamizi wa Gerald Portal, ilitangazwa kuwa bandari huru. Waagizaji wengi wa bidhaa wakaondolewa hata ile asilimia tano, ilhali mkulima wa karafuu aliendelea kutoa robo ya mavuno yake kwa serikali, kwa karafuu zenyewe. Ushuru wa asilimia tano kwa bidhaa zinazoingia ulirudishwa mwaka 1899. Robo ya karafuu haikupunguzwa.