Nani Alitoa Ngazi? Mastaa wa Kisumu Ambao Hawakuwahi Kuvaa Jezi ya Stars

Kila mtaa Kisumu una huyu mtu. Manyatta yupo, Nyalenda yupo, Kondele wapo kama watatu. Saa hii ana miaka thelathini na kitu, anaendesha boda ama anauza simu, na wazee bado wanamwita kwa jina la mchezaji fulani wa Ulaya wa enzi hizo. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa: "Huyu? Omera, huyu alikuwa akishika mpira hata mama mboga anaacha kuuza." Halafu inafuata ile sentensi tunaijua wote: "Lakini hakufika mahali."

Na kila mtu ana maelezo yake. Pombe. Wasichana. Kiburi. Jirani alimroga. Alikuwa na kipaji lakini hakuwa na nidhamu.

Mimi leo nataka kubishana na hayo maelezo. Sisemi pombe haiharibu mtu. Nasema hivi: ukiwa na mchezaji mmoja aliyepotea, hiyo ni hadithi yake binafsi. Ukiwa na mtaa mzima wa waliopotea, miaka nenda miaka rudi, hiyo sasa ni historia. Na hii historia ina tarehe.

Twende nyuma kidogo. Reli ilifika hapa mwaka wa 1901, mji ukiitwa Port Florence. Reli na bandari zilileta mshahara, na mshahara ukaleta watu wenye jioni ya kucheza mpira. Ligi ya taifa ilipoanza 1963, haikuchukua muda kabla watu wa ziwa kuishika: Luo Union walikuwa mabingwa 1964. Kisumu yenyewe ilikuwa na Hot Stars kwenye ligi hiyo. Mwaka wa 1968 Luo Union na Luo Stars wakaungana, ikazaliwa Gor Mahia, na Gor ikachukua ligi mwaka huo huo wa kwanza. Baadaye Luo Union wakarudi kivyao na kubeba kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati mara mbili mfululizo, 1976 na 1977. Serikali ilipopiga marufuku majina ya kikabila 1980, wakageuka kuwa Re-Union. Gor nao wakachukua kombe hilo hilo 1980, 1981 na 1985.

Halafu Desemba 1987. Hii hata kama hukuwa umezaliwa, umeisikia kwa buda wako mpaka umechoka. Gor 2, Espérance 2 kule Tunis. Marudiano Kasarani, 1-1. Kombe la Washindi Afrika likabaki Kenya kwa mabao ya ugenini. Nahodha alikuwa Austin Oduor, yule wa "Makamu". Mpaka leo hakuna klabu nyingine ya wanaume ya Kenya imebeba kombe la Afrika.

Sasa swali ambalo hatuulizi: hao wachezaji wa enzi hizo walipandaje? Kijana wa miaka 18 anamaliza shule huku Nyanza, anafikaje Stars?

Jibu halina maajabu. Kuliko na kampuni, kulikuwa na timu. Ukicheza vizuri shuleni, kiwanda ama shirika linakuchukua. Unaandikwa kazi, labda karani, labda fundi. Asubuhi uko kazini, jioni uko mazoezini. Una mshahara, una nyumba ya kampuni, ukiumia goti kuna zahanati. Ukiwa mkali sana, Gor ama Breweries wanakuona na kukuchukua. Usipokuwa mkali sana, unabaki na kazi yako na unacheza hadi mwili ukatae.

Hiyo ndiyo ngazi. Shule, timu ya kampuni, klabu kubwa, Stars. Hakuna aliyehitaji kuruka kutoka chini hadi juu kwa mguu mmoja.

Na ukanda wetu ulikuwa na hizo ngazi nyingi kuliko tunavyokumbuka. Angalia tu mashamba ya miwa. Chemelil Sugar walikuwa na timu. Muhoroni walikuwa na timu. Awendo kulikuwa na SoNy Sugar, na usiwachukulie poa: 2006 SoNy walikuwa mabingwa wa Kenya. Timu ya mji mdogo wa miwa iliwapita Nairobi yote. Huko ndiko winga wa Ahero ama beki wa Rongo alikuwa anaiva.

Halafu miwa ikaanguka. Kiwanda cha Miwani, kikongwe kuliko vyote nchini, na kile cha Muhoroni viliingia chini ya wasimamizi wa madeni mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sukari ya bei rahisi kutoka nje, madeni, usimamizi mbovu, siasa. Mkulima anakaa bila kulipwa, mfanyakazi anakaa bila mshahara. Kampuni ikiwa hivyo, kitu cha kwanza kukatwa ni kipi? Basi la timu.

Fuata hizi tarehe polepole. Muhoroni Youth walishuka daraja 2017. Mwaka huo huo SuperSport wakaondoka na pesa za runinga. 2019 SportPesa wakatoa udhamini wao. Novemba 2019 SoNy Sugar, mabingwa wa 2006, walifukuzwa kwenye ligi kwa kukosa kufika kwenye mechi tatu. Hawakufungwa 5-0. Hawakufika uwanjani, kwa sababu hela haikuwepo. Msimu huo huo Chemelil wakamaliza mkiani na kushuka. Kisumu All Stars nao walikuwa wamepanda ligi kuu mwaka huo wa 2019, mji ukashangilia, lakini hawakudumu.

Ndani ya miaka mitatu, timu hizo za miwa za ukanda wetu zote zilikuwa nje ya ligi kuu. Mchezaji aliyekuwa na miaka 19 wakati huo alikuwa amefanya kosa gani?

Najua mtu atasema: lakini kuna Gor. Sawa. Mimi ni wa K'Ogalo damu. Lakini tuambiane ukweli, Gor makao yake ni Nairobi. Inakuja Moi Stadium, tunajaza, tunaimba, halafu inapanda basi na kurudi. Kijana wa Obunga akitaka kujaribiwa lazima apate nauli, apate binamu wa kumlaza Kibera ama Kaloleni, apate chakula cha wiki mbili akisubiri kocha amtazame kwa dakika ishirini. Huo ni mtihani wa kipaji ama ni mtihani wa pesa ya mathe?

Linganisha na Nairobi. Mwaka wa 1987, mwaka ule ule wa Gor kubeba kombe, Mathare walianzisha MYSA. Watoto wa mtaa wa mabanda, ligi za kila umri, na juu yake ikajengwa klabu, Mathare United, ambayo ilichukua ligi 2008. Stars walipoenda AFCON Tunisia 2004, chini ya Ghost Mulee, vijana wa Mathare walikuwemo. Michael Olunga naye alikulia Nairobi. Akapita shule ya Upper Hill, akapita Tusker, Thika United, Gor, na huku anasomea uhandisi chuoni. Mwaka wa 2020 alifunga mabao 28 ligi kuu ya Japani na kuwa mfungaji bora. Ni mkali, hakuna ubishi. Lakini hesabu hizo hatua. Kila alipomaliza moja, ya pili ilikuwa karibu, wakati mwingine safari ya matatu moja tu.

Kama bado unaamini ni nidhamu tu, nikupe mfano ambao mimi huwa unanimaliza. Makamu, nahodha wa 1987, ana ndugu anaitwa Mike Okoth, aliyechezea Harambee Stars kisha akaenda Ubelgiji. Mike akapata mtoto kule Oostende 1995. Mtoto akaingia akademi ya Genk akiwa mdogo, akiwa na miaka 15 akahamia ya Lille, Ufaransa. Akiwa na miaka 19 akaifungia Ubelgiji kwenye Kombe la Dunia 2014. Mwaka wa 2019 akaifungia Liverpool kwenye fainali ya mabingwa wa Ulaya. Divock Origi.

Damu ni ileile ya familia ya mpira wa Kenya. Kilichobadilika ni kilichomngoja kila alipofikisha umri mpya. Akiwa 9 kuna timu, akiwa 13 kuna timu, akiwa 17 kuna timu. Huku kwetu mwenye miaka 9 ana uwanja wa vumbi na mpira wa makaratasi, mwenye miaka 16 ana mashindano ya shule, na mwenye miaka 19 ana boda.

Hapo kwa shule ndipo pananiuma zaidi, kwa sababu shule ndiyo kitu pekee kilichobaki kikifanya kazi, na chenyewe kina sumu yake. Kisumu Day ni jina linaloheshimiwa kwenye mpira wa shule nchi nzima. Nyakach Girls vilevile kwa wasichana. Mashindano yanajaa watu. Lakini angalia kinachofanyika nyuma ya pazia kwenye shule nyingi. Kijana anayejua mpira anachukuliwa na shule, anasamehewa karo, anahamishwa kutoka shule hii hadi ile, wengine wanarudia darasa ili waendelee kuchezea shule, na umri unakatwa. Darasani haulizwi kitu. Mwalimu mkuu anapata kombe la kuweka ofisini. Kijana anapata alama ya D na picha moja akiwa amebebwa mabegani. Form Four ikiisha, simu ya kocha haishikwi tena.

Nimeacha chuo mimi, kwa hivyo sitakuhubiria kuhusu vyeti. Lakini kuna tofauti kati ya mtu kuchagua kuondoka na mtu kutolewa darasani akiwa mtoto ili wengine washinde.

Na juu ya yote hayo, wakubwa wa soka nao wakaongeza petroli kwa moto. FIFA ilitusimamisha 2004. Ikatusimamisha tena 2006. Ikatusimamisha tena Februari 2022 hadi Novemba mwaka huo. Kila mara ni vita vya wenye suti, serikali na shirikisho. Mchezaji wa miaka 28 akipoteza miezi tisa, anakasirika kisha anaendelea. Mwenye miaka 19 akipoteza miezi tisa, hakuna timu ya vijana ya kumwita, hakuna mechi ya nje ya kuonekana, na mwaka unaofuata ameshavuka umri. Marufuku haikuandika jina lake popote. Ilimpita tu kama lori.

Sasa, kutofika juu kwenyewe si ajabu. Kila nchi iko hivyo. Nilikuwa nasoma kuhusu Ireland, ambako wana mpira wao wa asili, wa kushika kwa mikono na kupiga teke, chini ya chama kilichoanzishwa 1884. Kila kaunti ina timu ya vijana na timu ya wakubwa, na vijana wengi wanaong'aa kwenye ile ya kwanza hawaingii ya pili. Kama sisi tu. Tofauti ni kwamba mchezo wao si wa kulipwa, kila mtu ana kazi yake, na anayekosa timu ya kaunti anarudi klabu ya parokia yake. Anacheza hapo hadi azeeke, kisha anafundisha watoto. Hakufika juu, lakini alibaki ndani ya mchezo.

Yule wetu wa Kondele hakukosa Stars peke yake. Alikosa kila kitu kilichokuwa katikati. Ndiyo maana inamuuma bado.

Na vipaji vipo, hilo halina mjadala. Oktoba 2024 wasichana wetu wa chini ya miaka 17, Junior Starlets, walikuwa timu ya kwanza ya Kenya kucheza Kombe la Dunia la FIFA, na wakawapiga Mexico 2-1. Agosti 2025 wachezaji wa ligi ya nyumbani waliwafunga Morocco na DR Congo kwenye CHAN, tukafika robo fainali. Mechi zetu zote zilikuwa Nairobi. Sisi huku tuliziangalia kwa runinga, ilhali tuna uwanja Mamboleo uliotumika kwa sherehe za Madaraka 1 Juni 2021. Chapa Dimba nayo ilikuja, ikachagua vijana, wengine wakapelekwa Hispania kutembea. Poa sana. Lakini mashindano ya wiki chache ni ukuta wa kupigia picha, si ngazi.

Mimi ninachotaka ni kitu kidogo na cha kuchosha. Ligi ya kaunti ya miaka 18 hadi 21 inayochezwa miezi tisa kwa mwaka, si wiki mbili kabla ya uchaguzi. Klabu moja ya Kisumu yenye bajeti inayojulikana, daktari mmoja na basi lisiloshikwa na wadai. Na shule zinazochukua wachezaji zitangaze matokeo yao ya mtihani pamoja na makombe yao, tuone.

Mpaka hapo, fanya hivi. Wikendi hii mtafute yule mse wa mtaa wako. Muulize alicheza wapi, mwaka gani, alikuwa na miaka mingapi ilipoisha, na timu yake ilikufaje. Nakuhakikishia hatataja pombe kwanza. Atataja timu. Andika majibu yake hapo chini, bila jina lake kamili. Hakuna aliyewahi kuandika hesabu ya hawa watu. Tuanze sisi.