Azimio la Musoma na Wanafunzi Watu Wazima

Vijana wanaotoka kidato cha sita na kuingia chuo kikuu moja kwa moja huenda hawajui kwamba palikuwa na kipindi cha takriban miaka kumi ambapo njia hiyo ilifungwa kwa wengi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza pale Mlimani, Dar es Salaam, alikuwa mtu aliyekwisha kufanya kazi, na mara nyingi mwenye mke na watoto. Nimeona niliandike jambo hili kwa kuwa tulioliona tunapungua, na kwa kuwa husimuliwa na waliokwenda tu. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliobaki.

Chanzo chake ni cha zamani kidogo. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, kisha akawarudisha makwao takriban wanafunzi 400, na mshahara wake mwenyewe akaupunguza kwa asilimia 20. Tangu siku hiyo, nadhani, serikali haikumwamini tena kijana asiyewahi kutoka jasho.

Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma. Ikaamua kwamba anayemaliza kidato cha sita aende kwanza jeshini, kisha afanye kazi walau miaka miwili, na ndipo aombe nafasi ya chuo akiwa na maoni ya mwajiri na ya tawi la chama kuhusu mwenendo wake. Mlango wa watu wazima, uliokuwapo tangu awali kwa njia ya mtihani maalumu, nao ukapewa uzito mpya. Kikao hicho hicho kiliamua pia kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto aliyefikia umri wa kuanza shule awe darasani.

Ndugu msomaji, hapa naomba usimame kidogo. Maamuzi haya mawili husomwa katika vitabu kama sura mbili tofauti, lakini sisi walimu wa shule za msingi tulijua kuwa ni kamba mbili zilizofungwa kwa mtu mmoja. Uamuzi wa kwanza ulimwambia mwalimu mwenye uzoefu: njoo chuoni, wewe ndiwe tunayekutaka. Wa pili ulimwambia: usitoke darasani, watoto wanakuja. Na watoto walikuja kweli. Mwaka 1974 wanafunzi wa shule za msingi nchini walikuwa kama milioni 1.2, mwanzoni mwa miaka ya 1980 walizidi milioni 3.

Shuleni kwetu, mkoani Iringa, tulikuwa wawili wenye cheti cha Daraja la A tuliotaka kwenda. Mwenzangu wa hisabati aliruhusiwa. Mimi niliambiwa kwamba wote wawili hatuwezi kuondoka mwaka mmoja, nisubiri. Mwenzangu aliondoka mwaka 1977 akiwa na umri wa miaka 31, na watoto watatu. Darasa lake lilichukuliwa na kijana aliyemaliza darasa la saba, mmoja wa maelfu waliofunzwa ualimu huku wakifundisha, wakisoma kwa redio na vitabu vya posta. Kijana yule alikuwa na bidii, na sipendi anayewacheka walimu wa aina yake. Wao ndio waliolibeba taifa. Lakini alikuja kuniuliza namna ya kugawanya sehemu jioni ya kuamkia siku aliyotakiwa kuifundisha.

Barua ya kwanza ya mwenzangu ilifika baada ya mwezi. Alieleza kwamba maktaba ilimtisha kuliko mtihani. Alizoea kusimama mbele ya watoto arobaini, na sasa alikaa nyuma akishindwa kuandika kwa kasi ya mhadhiri aliyesema Kiingereza tupu. Chumbani alilala na kijana aliyetoka benki, aliyemwita Mzee na kumwazima madaftari yake. Usiku aliwaza kama mkewe amepata mbegu. Aliniomba nimwangalie paa la jiko, nami nililiezeka upya kabla ya mvua.

Je, azimio lilifanikiwa? Kwa upande wa wanawake lilikwama mapema. Msichana aliyeambiwa asubiri miaka mitatu aliolewa, au alizaa, au mume alikataa, na idadi ya waombaji wanawake ikashuka hata serikali ikalazimika kuwalegezea sharti la kazi. Kwa upande wa utii nako hesabu haikutoka kama ilivyotarajiwa. Tarehe 5 Machi 1978 wanafunzi waliandamana tena, safari hii wakipinga nyongeza ya maslahi ya viongozi, na zaidi ya 300 walifukuzwa. Hawa hawakuwa watoto wa 1966. Wengi wao walikuwa zao la Musoma. Aliyekwisha kula mshahara mdogo huelewa upesi maana ya mshahara mkubwa. Barua ya mwenzangu ya mwezi ule ilizungumzia mahindi tu.

Katikati ya miaka ya 1980 sharti liliondolewa. Mwenzangu alihitimu akapelekwa sekondari, kama walimu wengi waliopata shahada; hakuna aliyemrudisha shule ya msingi. Zamu yangu haikufika. Kila mwaka wanafunzi walikuwa wengi kuliko mwaka uliotangulia, na hatimaye nikapewa ukuu wa shule.

Sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria ilipitishwa mwaka 1992, na mwaka 1994 kikaanza kupokea wanafunzi. Mwalimu aliweza sasa kusoma bila kuliacha darasa. Kwa miaka iliyofuata, walimu wanne wa shule yangu walijiandikisha kwa nyakati tofauti. Wakati wa mitihani niliwapa ruhusa ya kwenda mjini, na vipindi vyao nikavifundisha mwenyewe.